Mtoto si barua: mzazi na mwalimu wanadaiana kweli



Kila mwaka, masomo yanapofungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, shule zetu za msingi hufanya proklamasio. Siku hiyo wazazi huja kwa wingi kuliko siku nyingine yoyote. Wengine huja na poda katika mfuko, tayari kummwagia mtoto kichwani jina lake likisomwa kati ya waliofaulu. Direkta husoma majina, darasa kwa darasa. Na kila mwaka yuko mama, au yuko baba, ambaye hungoja mpaka jina la mwisho, na jina la mtoto wake halisomwi. Hapo maneno huanza. Mzazi husema: "Hamkuniambia kitu." Mwalimu hujibu: "Nilimpa mtoto barua mara tatu, hukuja." Mtoto husimama katikati yao akitazama chini.

Kati ya hao watatu, nani ana kosa? Je, asiyeambiwa hana hatia? Na yule anayejua, anadaiwa kusema yote, hata neno ambalo litamletea mtoto fimbo? Maswali haya si ya watu wa shule peke yao. Ni maswali ya dhamiri, na Kanisa linalolea watoto mashuleni haliwezi kuyaepuka.

Mjumbe asiyefaa

Tuangalie kwanza namna habari zinavyosafiri kati ya nyumba na shule. Mara nyingi hazina njia ila moja: mtoto mwenyewe.

Mwalimu anaandika barua kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya ofisi. Mama anazungumza Kiswahili sokoni, na nyumbani Kivira, au Kifuliiru, au Kibembe, au Kinyamulenge. Kifaransa hakisomi. Kwa hiyo anamwambia mtoto: "Nisomee." Mtoto wa mwaka wa nne anashika barua inayosema kwamba yeye mwenyewe amekosa kufika darasani siku nyingi. Mnadhani atafasiri nini? Hata mtu mzima, akipewa barua ya kujishitaki aipeleke mwenyewe kwa hakimu, ataipoteza njiani. Tusimwite mtoto mwongo. Sisi ndio tuliomtwika mzigo usiokuwa wake.

Na kutoka nyumbani kwenda shuleni ni vilevile. Mzazi anamwambia mtoto: "Mwambie mwalimu ulikuwa na homa." Hakukuwa na homa, alibaki kulinda mdogo wake wakati mama alipokwenda kutafuta. Mtoto anapeleka neno lile, na siku hiyo amejifunza somo ambalo halimo katika programu ya shule, kwamba mkubwa wa nyumbani na mkubwa wa shuleni wanaweza kudanganyana, naye ndiye chombo chao.

Tena kuna njia ya tatu, iliyo mbaya kupita zote. Mtoto amekosa, au nyumbani kuna deni fulani, naye anaambiwa: "Rudi kwenu, usije tena bila mzazi." Saa mbili asubuhi mtoto yuko njiani. Mama amekwisha kwenda mpakani Kavimvira na biashara yake ndogo, anatafuta kuvuka kwenda Gatumba au Bujumbura. Baba amerudi kutoka ziwani alfajiri, amelala, na mtoto anajua vema kwamba baba haamshwi kwa ajili ya barua. Atafanya nini? Atashuka pwani, upande wa Kalundu, mahali mitumbwi inapofika. Atasaidia kuvuta wavu na kuanika ndagala, naye atapewa kibakuli. Kesho atarudi pale. Baada ya mwezi mmoja shule inasema, "Mtoto yule yuko kwao," na wa kwao wanasema, "Mtoto wetu yuko shuleni." Alitumwa kumleta mtu, na sasa yeye mwenyewe hayuko po pote.

Kosa la kudhani

Injili ya Luka, katika sura ya pili, inatupa habari inayofanana sana na hii. Bwana Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake walitoka Yerusalema baada ya sikukuu, wakaenda mwendo wa siku nzima, kwa sababu kila mmoja alidhani mtoto yuko katika msafara pamoja na jamaa. Walimkuta baada ya siku tatu, ameketi hekaluni kati ya walimu.

Mara nyingi tunaihubiri habari hii ili kusifu akili za mtoto Yesu, na ni vema. Lakini tuwatazame na wakubwa. Yosefu na Maria hawakuwa wazazi wabaya. Walimpenda mtoto, na walimtafuta kwa huzuni. Kosa lilikuwa neno moja dogo: walidhani. Na walimu wa hekalu je? Walikuwa watu wenye elimu, wakafurahia majibu ya mtoto. Lakini Luka hatuonyeshi hata mmoja wao aliyeuliza: mtoto huyu ni wa nani, amelala wapi, wazazi wake wanajua kwamba yuko hapa? Upande mmoja ulidhani, upande wa pili haukuuliza. Mtoto wa Mungu mwenyewe alipotea kwa njia hiyo. Sisi wa Uvira tujione salama kwa nini?

Hapa tunapata jibu la swali la kwanza. Asiyeambiwa ana hatia au hana? Ikiwa jambo ni la mtu mwingine, asiyeambiwa hana hatia. Lakini mtu aliyepewa mtoto kumlinda hangoji kuambiwa. Kazi yake ni kuuliza. Mlinzi wa usiku hawezi kusema, "Mwivi hakunipa habari." Basi mzazi anayesema mwezi wa saba, "Hamkuniambia," aulizwe kwa upole: mwezi wa kumi na moja ulikuwa wapi? Na mwalimu anayesema, "Hakuja," aulizwe vilevile: kiti cha mtoto kilipokuwa kitupu siku ya tatu, ulimwuliza nani?

Kila mmoja anakufahamu neno la wazee: mkono mmoja haulei mwana. Lakini mikono miwili nayo haitoshi kama mmoja haujui wa pili unafanya nini.

Hana na kanzu ndogo

Wako wazazi wanaosema: "Mimi nimekwisha kumpa mwalimu mtoto. Yeye ndiye amesoma, yeye ndiye anajua. Mimi sikusoma, nitakwenda kumwambia nini?"

Ndugu, hakuna mzazi aliyemtoa mtoto wake kabisa kuliko Hana, mama wa Samweli. Alimpeleka katika nyumba ya Bwana huko Shilo, akamwacha mikononi mwa kuhani Eli. Lakini Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasema kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea alipopanda pamoja na mume wake kutoa dhabihu. Tufikiri kidogo juu ya kanzu hiyo. Mtoto anakua. Kanzu ya mwaka jana haimfai mwaka huu. Anayeshona lazima ajue mtoto amekuwa mrefu kadiri gani. Hana hakuwa na cheo hekaluni, wala hakumfundisha Eli kazi yake. Lakini hakuacha kujua kipimo cha mtoto wake.

Hiyo ndiyo kazi ya mzazi ambaye hakusoma. Hakuna anayemtaka amfundishe mwalimu hesabu. Mzazi anajua mambo ambayo mwalimu hawezi kuyajua: kwamba mtoto huyu haoni vizuri jioni, kwamba yule halali tangu milio ya bunduki, kwamba huyu amefiwa na bibi aliyemlea. Mwalimu mwenye watoto wengi katika chumba kimoja anamwona mtoto anayesinzia, naye anaita hiyo uvivu. Neno moja la mama lingebadili hukumu.

Feza zilipoondoka

Tusiyaseme haya kama watu wasiojua historia ya shule zetu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ya Zaire ilitia sahihi mapatano na Kanisa Katoliki, Kanisa la Protestanti na Kanisa letu la Kimbangu, ili Makanisa yaongoze tena shule ambazo Serikali ilikuwa imezitwaa mwaka wa 1974. Halafu, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mshahara wa Serikali ulipokosa nguvu na siku nyingine kukosekana kabisa, wazazi ndio waliowalisha walimu. Mvuvi aliuza ndagala, mama aliuza muhogo na mawese, mwalimu akapata chakula. Shule zingefungwa kama si jasho la wazazi, na hilo lisisahauliwe.

Lakini desturi ile ilileta tabia. Kwa muda wa miaka karibu thelathini mzazi na mwalimu walikutana kwa neno moja tu: umelipa au hukulipa? Mkutano wa wazazi ulikuwa mkutano wa feza. Mzazi mwenye deni alipita njia ya nyuma ili direkta asimwone. Mwenye kulipa vizuri alijiona ana haki ya kusema kwa nguvu, hata mtoto wake akikosa. Sauti ya mzazi ikawa kitu cha kununuliwa.

Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za Serikali. Neno hilo lilianza kutendeka kweli katika mwaka wa masomo wa 2019–2020. Watoto wengi waliokuwa nje waliingia, tunamshukuru Mungu. Vyumba vilijaa kupita kiasi. Lakini kitu kingine kilitokea ambacho wengi hawakukiona. Feza ilipoondoka, na mazungumzo yaliondoka pamoja nayo. Wazazi wengine wakasema: "Sasa ni shule ya Serikali, mimi silipi, basi sina neno." Na walimu wengine wakasema: "Wazazi hawa hawatoi kitu, basi hawana la kuuliza."

Maneno haya mawili ni uongo mmoja. Mzazi hakupata haki juu ya mtoto kwa sababu alilipa minervali. Alipata haki hiyo na wajibu huo siku mtoto alipozaliwa. Kama sauti yake ilitegemea feza, basi maskini hakuwa mzazi kamwe. Nani kati yetu atasimama mbele ya Mungu na kusema hivyo?

Kweli inayoumiza

Sasa tufike kwenye swali gumu. Mwalimu amegundua kwamba mtoto anaiba kalamu za wenzake, au anatoroka darasa. Anamjua baba yake: ni mtu wa hasira, na akiambiwa atampiga mtoto mpaka alale mgonjwa. Mwalimu aseme, au anyamaze?

Wengine wanasema: aseme, maana kweli ni kweli, na yatakayofuata ni juu ya baba. Hapana. Anayempa mlevi kisu hawezi kusema kwamba mikono yake ni safi. Wengine wanasema: anyamaze, kwa huruma. Lakini huruma ya namna hiyo inamwacha mtoto na wizi wake. Leo kalamu, kesho feza za sokoni, na siku baba atakapojua, fimbo itakuwa mara kumi. Msemo wa wazee, mficha ugonjwa kifo kitamuumbua, unamhusu na mwalimu huyu.

Basi njia iko wapi? Katika Injili ya Matayo, sura ya 18, Bwana anafundisha kwamba ndugu akikosa, uanze naye mkiwa wawili peke yenu, ndipo uchukue mtu mmoja au wawili, na mwisho ndipo kusanyiko lijue. Kuna ngazi. Kweli inadaiwa, lakini haidaiwi kutupwa kama jiwe. Mwalimu aanze na mtoto mwenyewe. Halafu achague sikio: pengine ni mama, pengine ni bibi au shangazi, pengine ni shemasi wa kartie ambaye baba anamheshimu. Asipeleke mashitaka matupu. Apeleke pia jambo jema la mtoto, kwa maana mtoto asiye na jema hata moja hayupo. Wapatane nyumba itafanya nini na shule itafanya nini. Na baada ya juma mbili arudi aulize. Anayesema kisha akaenda zake, amemtupa mtoto. Anayesema kisha akarudi, amemlinda.

Lakini tusimtwike mwalimu peke yake. Mkumbuke Samweli usiku ule alipopewa neno zito juu ya nyumba ya Eli. Asubuhi aliogopa kulisema. Na Eli, pamoja na makosa yake yote kama baba, alifanya jambo moja zuri: alimwita mtoto, akamwomba asimfiche hata neno moja, na alipolisikia hakumpiga, hakumfukuza. Alilipokea.

Hapa ndipo fundisho kwa wazazi. Mzazi anayedai kuambiwa kweli lazima awe mtu ambaye kweli inaweza kumfikia bila hatari. Ukimvunja mtoto mkono kwa sababu ya habari ya leo, usitegemee kupata habari ya kesho. Hakuna atakayekuambia, si mwalimu, si jirani, si mama wa mtoto. Utakaa katika nyumba yako kama kiongozi anayeletewa habari njema tu, mpaka siku ya proklamasio. Tena sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inakataza kumtesa mtoto kwa jina la kumrudi. Kurudi mtoto ni kazi ya mzazi. Kumtesa si kazi ya mtu ye yote.

Upande wa pili, mwalimu naye ajue kutunza siri. Mama akija kusema kwamba nyumbani hawakupika tangu juzi, au kwamba baba wa watoto amekwenda na hajulikani alipo, neno hilo limemgharimu aibu nyingi. Kama kesho mwalimu atalisema mbele ya darasa, au kwa walimu wenzake kwa kicheko, mama huyo hatarudi tena, na wenzake watasikia wasije. Mlango wa shule hufungwa kwa kicheko kimoja, na kuufungua tena ni kazi ya miaka.

Jina la Kanisa

Kuna jambo moja ambalo halina ngazi wala kungoja. Ni pale mtoto wa kike, au wa kiume, anapoharibiwa na mtu mzima, akiwa mwalimu, akiwa jamaa wa nyumbani, akiwa mtumishi wa Kanisa. Mara nyingi jambo hili linamalizwa kimya kimya kati ya wakubwa. Jamaa wanapewa mbuzi au feza, mwalimu anahamishwa shule nyingine, na watu wanasema wamepatana. Wamepatana nani na nani? Mtoto hakuwako katika mapatano hayo. Na watoto wa shule ile ya pili hawakuambiwa kitu.

Wengine hutetea kimya hicho kwa kusema wanalinda jina la Kanisa. Ndugu, jina la Kanisa halilindwi kwa kumfunga mtoto mdomo. Jina la Eli halikuharibiwa na watu waliosema mambo ya wana wake. Liliharibiwa na mambo yenyewe, na kwa kuwa yeye alisikia asiwazuie. Hapa mwalimu anayejua amwambie mzazi siku hiyohiyo, na mzazi anayejua amwambie direkta na wakubwa wa sheria, na mtoto apelekwe hospitali bila kukawia. Asiyesema hapa ni mwenzi wa mtenda.

Watoto wa waliohamishwa

Sisi watu wa Kanisa hili tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo la mtoto anayefukuzwa shuleni. Baba Simon Kimbangu mwenyewe alisoma kwa wamisionere wa Baptisti huko Ngombe Lutete kabla ya kuanza kazi aliyopewa, tarehe 6 Aprili 1921 huko Nkamba. Mwaka ule ule alikamatwa, na tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kufa, hukumu iliyobadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville mpaka alipolala tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa letu huhesabu jamaa 37 000 zilizotolewa makwao na kupelekwa mbali katika muda wa mateso. Watoto walifuata wazazi uhamishoni. Na watoto wa Wakimbangu waliobaki walikataliwa katika shule za misioni kwa ajili ya imani ya baba zao. Ndiyo maana wazee wetu walianza shule zao wenyewe.

Basi tuyafahamu maana yake. Shule zetu zilizaliwa kwa sababu watoto walifukuzwa kwa jambo la wakubwa. Mtoto hakuwa amekosa kitu. Neno lilikuwa kati ya baba yake na wenye mamlaka. Itakuwaje leo, katika shule yenye jina lile lile, mtoto arudishwe njiani kwa sababu ya neno ambalo liko kati ya mama yake na direkta? Kama kuna deni, aitwe mwenye deni. Kama kuna ugomvi, waitwe wenye ugomvi. Mtoto abaki darasani.

Tufanye nini

Yako mambo madogo yaliyo katika uwezo wetu, hata katika mji huu uliopita vita tangu 1996, uliovunjwa na mto Mulongwe katika Aprili 2020, na ambao ziwa limeingia katika nyumba za watu.

Kwanza, barua za shule kwa wazazi ziandikwe kwa Kiswahili, maneno machache na wazi. Na jambo zito lisiandikwe kabisa, mtu aende.

Pili, mikutano ifuate maisha ya watu. Kila mtu wa pwani anajua kwamba ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa wavuvi hupumzika. Shule inayoita mkutano asubuhi katika siku za giza itawapata akina mama wachache, kisha itasema wababa hawajali. Iite siku za mbalamwezi, saa za jioni, na wababa wataonekana. Kwa akina mama wanaovuka mpaka, Jumapili baada ya ibada inafaa kuliko siku za kazi.

Tatu, jamaa ikihama, iwe kwa maji ama kwa vita, mzazi apeleke habari shuleni kabla ya juma kwisha, hata kwa simu ya jirani. Na mwalimu akiona kiti kitupu siku tatu, amtume mtu mzima wa kartie hiyo, si mtoto mwenzake.

Nne, kila mzazi aende shuleni walau mara moja katika kila muhula, bila kuitwa na bila ugomvi, aulize maneno matatu: mtoto wangu anaendaje, ana marafiki gani, mimi nifanye nini nyumbani? Hiyo ndiyo kanzu ya Hana.

Tano, komite ya wazazi isiwe ya kuhesabu matofali na mabati tu. Wachaguliwe ndani yake watu wanaojua kusikia na kutunza siri, na akina mama wawemo.

Baba zetu walituachia maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Upendo ni kumwambia mwenzako kweli juu ya mtoto kwa namna ambayo mtoto atapona. Amri ni kutomtumia mtoto kama chombo cha uongo wetu au ngao ya aibu yetu. Kazi ni kuinuka na kutembea, mzazi kwenda shuleni, mwalimu kwenda nyumbani. Kutoka Kasenga mpaka Kalundu si mbali kama Shilo ilivyokuwa kwa Hana.

Mungu aliyetupa watoto atatuuliza habari zao, naye hatamwuliza mtoto barua ilipotelea wapi. Bwana atubariki, na abariki wazazi na walimu wetu. Amina.